Toroli Lisisimame

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba taifa limeingia rasmi katika zama za kuchaji magari dukani. Kila duka kubwa, yaani duka lolote lenye mlango unaojifungua wenyewe mtu akiukaribia, litawapa wanunuzi wake umeme wa gari wakati wanachagua sabuni. Suala hili halina mjadala tena. Mjadala ulishafanyika, na aliyeuandika ni mimi.

Nijitambulishe kwa ufupi, ingawa cheo chenyewe si kifupi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Taifa ya Uratibu wa Uchajishaji wa Vyombo vya Moto Visivyotumia Moto Katika Maeneo ya Ununuzi. Mtaani kwetu wananiita Katibu Waya. Sijali. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na mimi wakati ule nilikuwa nimezaa mpaka matawi yanagusa chini.

Swali tulilokabidhiwa lilikuwa hili: je, maduka makubwa yawape wanunuzi umeme wa magari au yasiwape? Kikao cha kwanza tulimwalika Meneja wa Duka Kubwa la katikati ya mji, mama mtaratibu mwenye tabia ya kuchomeka kalamu nyweleni. Akasema kwamba kwa uzoefu wake mtu akichaji hukaa, na akikaa hununua. Akasema pia kwamba dukani kwake jambo hilo limeshaanza siku nyingi: nyuma ya stoo kuna soketi moja, wenye bajaji za umeme huchaji pale, halafu huwapeleka wanunuzi nyumbani na magunia yao, na kila mtu anafurahi. Alizungumza dakika mbili. Tulimshukuru, na kwenye kumbukumbu nikaandika kwamba mgeni hakuwa na mchango.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, mtu wa sauti nene na subira nyembamba. Aligonga meza kwa kalamu akasema kwamba hatuwezi kumpa mnunuzi umeme kabla hatujajua mnunuzi ni nani. Wajumbe tuliangaliana. Tulikuwa tumenunua vitu maisha yetu yote na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Swali hilo lilikula vikao vinne. Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba mnunuzi ni mwenye risiti, lakini ikaonekana risiti hutolewa mwishoni, wakati mtu anaondoka na gari lake halijapata kitu. Mwingine akasema mnunuzi ni yeyote aliyeingia dukani. Huyo tulimcheka, maana nusu ya wanaoingia dukani wanafuata ubaridi wa mashine. Mwanasheria wetu akasema mnunuzi ni mwenye nia ya kununua, tukaunda kamati ndogo ya kupima nia, nayo ikarudi baada ya wiki tatu na taarifa kwamba nia ipo ila haipimiki.

Ufumbuzi ulitoka kwa Mkurugenzi. Mnunuzi, alisema, ni mtu ambaye toroli lake linasogea. Anayenunua husukuma, anayezubaa husimama. Basi kila toroli lifungwe kidude kwenye gurudumu, kidude kizungumze na mashine ya kuchajia huko nje, na toroli likisogea umeme uingie kwenye gari. Likisimama zaidi ya dakika moja umeme ukatike, mashine imhakiki mnunuzi upya kwa dakika kumi, ndipo ianze tena. Tulipiga makofi mpaka mhudumu wa chai akaja kuangalia kuna nini.

Tulifanya jaribio moja, kwa gari la umeme la Mkurugenzi, na dereva wake akasukuma toroli siku nzima bila kulalamika. Hapo mjumbe mmoja akaonya kwamba matajiri watawatuma madereva na watumishi wa nyumbani wakawasukumie. Siku hiyo waandishi wa habari walikuwepo. Mkurugenzi akasimama, akainua kidole, akatamka kwamba mwenye gari ndiye atakayesukuma, yeye mwenyewe, si wakala, na awe mtu wa cheo chochote. Hicho ndicho chanzo cha Kifungu cha Kumi na Nne cha kanuni zetu, na ndiyo maana mpini wa toroli ulifungwa kioo kidogo cha kusoma kidole gumba. Maneno "wa cheo chochote" aliagiza yapigwe mstari.

Nilitaja gari la umeme la Mkurugenzi. Kwa ukamilifu wa taarifa niseme kwamba mjini hapakuwa na lingine. Bajaji za umeme zilipita mia tatu, lakini bajaji ina magurudumu matatu, na fomu yetu ya utafiti ilianzia manne. Kwa hiyo katika takwimu rasmi asilimia mia moja ya vyombo vya umeme mjini vilikuwa vya Mkurugenzi, na uchajishaji wetu ulipangwa kukidhi mahitaji ya kundi hilo.

Hapa sina budi kumtaja dada yangu, ingawa utaratibu wa ofisi haupendi mambo ya ukoo. Dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, ndiye aliyenisomesha, na wakati wa mambo haya nilikuwa nakaa kwake, chumba cha uani, kwa muda tu, mwaka wa kumi na moja. Dada anaendesha bajaji ya umeme. Kila asubuhi alinipeleka ofisini na mkoba wangu, akaniteremsha kona moja kabla ya geti. Hilo lilikuwa ombi langu mwenyewe, ili cheo kisionekane kikishuka kwenye bajaji.

Alikuwa akichaji kwenye ile soketi ya nyuma ya stoo. Nyumbani haikuwezekana: waya wa nyumba ile ni wa zamani, pasi na bajaji zikitumia umeme pamoja nyumba nzima inazima, na mwenye nyumba alishakataza. Dukani, Fundi wa umeme alimwachia nafasi yake kila mchana, mahali pale pale, kando ya ndoo nyekundu ya mchanga. Na abiria wake wa kwanza kabla ya wote alikuwa Mwalimu, jirani yetu mstaafu, ambaye mara tatu kwa wiki lazima afike kliniki akasafishwe damu kwa kuwa figo zimechoka. Dada humpeleka asubuhi na kumfuata saa nane. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono darasa la kwanza nikaandika herufi yangu ya kwanza. Akikosa kliniki mara mbili mfululizo, hatutakuwa na Mwalimu.

Sasa, Kifungu cha Tisa cha kanuni kilisema kwamba uchajishaji wote usio rasmi unasitishwa, na soketi zote za pembeni zinafungwa kwa lakiri, yaani waya wenye kadi nyekundu ya muhuri na sahihi. Nilimdokeza Mkurugenzi, kwa sauti ya chini, kwamba kuna watu wanategemea soketi ile, mmoja wao ndugu yangu.

"Katibu," alinijibu, "mageuzi hayana ndugu."

Nikaiandika. Ilikuwa sentensi nzuri. Barua ya kufunga soketi niliiandaa mimi, akaisaini yeye, na aliyenipeleka ofisini asubuhi ile kuiandaa alikuwa Dada.

Jioni hakunisalimia. Alikaa kwenye kigoda anapanga viatu mlangoni, viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mdogo wangu, umenifungia soketi?"

"Si mimi, Dada. Ni Kamati."

"Kamati ndiyo inalala chumba cha uani?"

Nikamweleza kwa upole kwamba tatizo si yeye, ni gurudumu. Bajaji yake ingekuwa na la nne, angetambulika, angepewa toroli, angesukuma kama raia wengine.

"Na wewe ungekuwa na haya," akasema, "ungekuwa mtu."

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kuchaji mwisho wa mji, kwenye karakana yenye foleni ya bajaji kuanzia alfajiri. Safari za asubuhi zikampita. Betri ikawa haijai tena, maana ukichelewa kidogo nafasi yako inachukuliwa na mwenzio. Alianza kukataa abiria ili abakize umeme wa Mwalimu.

Jumatano moja umeme ulituishia kwenye mlima wa daraja. Ndani tulikuwa Mwalimu na mimi. Dada akashuka, akaweka bega nyuma ya bajaji, akasukuma. Nami nikashuka na suti yangu. Mwalimu alibaki ndani na mfuko wake wa dawa mapajani, anatuomba radhi kwa uzito wake, na yeye ni mwepesi kama khanga iliyoanikwa. Tukiwa katikati ya mlima likatupita lori, na juu ya lori limefungwa kwa kamba gari la umeme la Mkurugenzi. Ilikuwa imeamuliwa libebwe ili lisichakae kabla ya uzinduzi. Mkurugenzi alikuwa amekaa mbele na dereva wa lori, akaniona, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Kliniki tulifika mashine ya Mwalimu imeshapewa mgonjwa mwingine, ikabidi asubiri kwenye benchi la korido mpaka alasiri, amejifunika upande wa khanga, miguu imevimba.

Nilisikia aibu. Nasema wazi kwa sababu hapa si kwenye kikao. Lakini kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida, kwa miguu, kwa kuwa Dada alisema umeme wa kupeleka vyeo hana.

Siku ya uzinduzi ilipangwa kwa umakini mkubwa, na ilikuwa siku mbili katika moja. Saa nne asubuhi Mkurugenzi angekata utepe dukani. Saa tisa alasiri angekuwa ukumbini, kilomita tisa kutoka pale, akiapishwa kuwa Naibu Waziri. Kwa ajili hiyo alikwisha kusaini barua ya kukabidhi ofisi, inayoanza kutumika saa tisa kamili, ili asipoteze hata dakika moja bila cheo.

Aliacha maagizo matatu. La kwanza, barabara zote za katikati ya mji, kuanzia dukani hadi ukumbini, zifungwe kwa chombo chochote kinachochoma mafuta mpaka saa kumi na mbili jioni, wananchi waonje hewa safi. Wageni wa ukumbini hawakuathirika, walilazwa kwenye hoteli iliyo mkabala. La pili, gari lake lifike dukani betri ikiwa karibu tupu, ili umma uone namba zikipanda kutoka chini. Dereva alilizungusha uani tangu alfajiri, taa zimewaka, kiyoyozi kinanguruma, redio inaimba, mpaka likabaki asilimia mbili. Likaletwa na lori kabla barabara hazijafungwa. La tatu, mimi nisibanduke karibu yake na daftari.

Utepe ukakatwa. Mkurugenzi akachomeka waya, akaweka kidole gumba kwenye mpini wa toroli mbele ya kamera, akasukuma hatua saba. Namba kwenye mashine ikahama kutoka mbili kwenda tatu, na watu wakapiga vigelegele. Baada ya hapo hotuba, picha, soda, na wageni wakaondoka kwa miguu wakisifu hewa. Kufikia saa tano na nusu tulibaki watu wa dukani, Mkurugenzi na mimi. Dereva alikuwa amesharuhusiwa kwenda zake, maana Mkurugenzi alitaka kuingia ukumbini akiliendesha mwenyewe. Akakaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe, na gari likamwambia, kwa sauti ya adabu ya mwanamke, kwamba haliwezi kuondoka chini ya asilimia kumi.

"Lichajiwe," alisema.

Fundi, mtu mrefu asiyependa maneno, akamsogezea toroli.

Mkurugenzi alilitazama kama mtu anayeonyeshwa mtoto asiye wake. Kisha akanitazama mimi. Nikashika mpini kwa moyo mmoja, kioo kikawaka nyekundu, mashine ikasema kidole hiki si cha mwenye gari.

Ikabidi asukume. Mwanzoni alisukuma kwa heshima ya nafasi yake, mgongo wima, akisalimia wanunuzi. Lakini siku ile duka lilijaa. Kwenye vyombo vya plastiki mama mmoja na binti zake walikuwa wanabishana juu ya beseni na hawakutaka kupisha. Dakika ikapita, umeme ukakatika, uhakiki ukaanza upya dakika kumi. Kwenye unga foleni ilikuwa imefunga njia. Ukakatika. Kwenye vifaa vya shule alikutana na mtu aliyesoma naye, akataka kujua habari za nyumbani, na huwezi kumkatiza mtu aliyekuuliza habari za nyumbani. Ukakatika. Toroli lenyewe lilikuwa na gurudumu linalovuta kushoto, kwa hiyo kila mara alijikuta kwenye nepi.

Saa sita na nusu mashine ilisoma nne. Koti alikuwa amelivua, ameliweka kwenye toroli juu ya vitu alivyokuwa amevichukua ili asionekane anazurura: dazeni ya vibanio vya nguo, mswaki, ndoo.

Akamwita Fundi pembeni, akamwambia aifungulie mashine umeme wa moja kwa moja.

"Kifungu cha Kumi na Nne, mzee," Fundi alisema. "Wa cheo chochote. Kimepigwa mstari."

Akamgeukia Meneja. Meneja akachomoa kalamu nyweleni, akaitazama, akairudisha, akasema kwamba yeye binafsi angependa sana kusaidia, lakini alishakuja kwenye Kamati akaambiwa hana mchango. Mkurugenzi akapiga simu aletewe gari la ofisi. Askari wa barabarani wakalizuia kwa amri yake, na mkuu wao akampigia simu kumpongeza kwamba tangu asubuhi hakuna moshi hata wa sigara uliopita. Akafikiri kutembea. Alivaa viatu vipya vya kuapia, na ndani ya duka alikuwa ameshatembea umbali wa kutosha kubabuka visigino vyote viwili.

Ndipo tukasikia ule mlio mwembamba wa bajaji ya umeme nyuma ya stoo. Dada alikuwa amempeleka Mwalimu asubuhi, umeme umembakia wa kusogea tu, akaja kumwomba Meneja kivuli cha kuegesha mpaka atakapojua la kufanya. Alikuwa amesimama mbele ya ile soketi. Lakiri ilining'inia juu yake, nyekundu, yenye sahihi.

Mkurugenzi alitoka na toroli lake mpaka kwenye mlango wa nyuma.

"Mama, nipeleke ukumbini. Ni jambo la taifa."

"Shikamoo," Dada alisema. Ni mdogo kwake kwa miaka mitano, hajawahi kumkosea mkubwa salamu.

"Marahaba. Twende."

"Umeme sina, mzee. Soketi yangu imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

Dada alinyanyua ile lakiri kwa ncha ya kidole, akamgeuzia upande wenye sahihi. Mkurugenzi akasoma jina lake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko lilivyo.

Kisha akaomba daftari langu. Aliandika kwa mkono wake, amesimama, akitumia mgongo wangu kama meza: soketi ya nyuma ya stoo ifunguliwe mara moja, itumiwe na vyombo vya magurudumu matatu, bila toroli, bila kidole gumba, bila uhakiki wa aina yoyote. Akasaini, akaweka saa: saba kasoro dakika ishirini. Nilimkumbusha kwamba amri inapaswa kutaja tarehe ya kukoma. Akaniambia nisimpotezee muda. Nikasema sawa. Nakiri kwamba nilisema sawa kwa haraka kuliko ilivyo desturi yangu.

Fundi akakata lakiri kwa koleo. Dada akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, basi, hapakuwa na lingine. Meneja akatoa kiti, Dada akakaa, akavua ndara, akaanza kumenya chungwa. Mkurugenzi alibaki ameshika mpini, analipeleka toroli mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mama anayebembeleza mtoto.

"Na hapa mtu anafanya nini?" aliuliza hatimaye.

"Hapa mtu anachaji tu, mzee," Fundi alisema.

Mkurugenzi akaliachia toroli. Huko mbele mashine ikakata umeme wa gari lake, na hakuna aliyekwenda kuangalia. Alikaa juu ya kreti la soda. Dada alimpa nusu ya chungwa, naye akala.

Saa nane kasoro robo Dada akachomoa waya. Mkurugenzi alikuwa ameshaingia, amekaa katikati, mkoba kushoto, koti kulia.

"Tunaanzia kliniki," Dada alisema.

"Kliniki? Mama, naapishwa saa tisa."

"Mwalimu anatoka saa nane."

"Asubiri kidogo."

Dada aligeuka akamtazama. Hakupandisha sauti. "Wiki iliyopita alisubiri, mzee. Kwenye benchi, mpaka alasiri, miguu imevimba. Alisubiri kwa sababu yako na kwa sababu ya huyu mdogo wangu hapa. Leo hatasubiri. Kama una haraka, barabara ile pale, ina hewa safi."

Sikuwahi kumsikia mtu akisema na Mkurugenzi hivyo, na sikuwahi kufurahi kiasi kile nikiwa na daftari mkononi. Sikuandika kitu. Mkurugenzi akatazama visigino vyake, akatazama barabara, akabaki ndani.

Kliniki muuguzi alituambia tukae, Mwalimu anafungwa bandeji. Mwalimu hutoka taratibu, akiaga kila mtu kwa jina, kuanzia daktari mpaka mfagiaji. Kisha alikumbuka miwani. Kisha miwani ikaonekana iko kichwani. Alipomkuta mtu mkubwa mwenye tai kwenye bajaji alifurahi, akadhani ni mgonjwa mpya, akampa pole na kumweleza kwamba sindano ya kwanza ndiyo mbaya. Njiani akaomba kuona karatasi nilizoshika. Alisoma kanuni zetu zote na kumbukumbu za vikao, kurasa thelathini na moja, kidole chini ya mstari kama alivyotufundisha.

"Mmeandika vizuri," alisema. "Ila hili swali la mnunuzi ni nani, mbona mmelikalia vikao vinne? Mngemwuliza muuza duka."

Mkurugenzi alikuwa anatazama saa. Bajaji ya umeme haina haraka, hasa ikibeba watu wanne. Tulimshusha Mwalimu kwake kwanza, maana ndiko kwenye njia, na Dada alimshika mkono mpaka mlangoni kama kawaida yake. Ukumbini tulifika saa kumi kasoro dakika tano. Viti vilikuwa vinakunjwa. Mtu wa itifaki alisema kiapo hakina kiporo, na kwamba jina lake limewekwa pembeni ili litafakariwe. Lilitafakariwa wiki moja, kisha nafasi akapewa mjumbe wetu wa Kamati, yule tuliyemcheka aliposema mnunuzi ni yeyote aliyeingia dukani.

Ofisini nako palikuwa na mtu mwingine tangu saa tisa kamili, kwa barua halali kabisa. Mkurugenzi mpya alipotaka kufuta ile amri ya soketi, nilimwekea kanuni mezani kwa unyenyekevu. Amri iliyotolewa wakati wa uzinduzi hufutwa na Kamati peke yake, na Kamati ilimaliza muda wake siku hiyo hiyo ya uzinduzi. Kifungu hicho nilikiandika mimi, zamani, kwa sababu nyingine ambazo sizikumbuki. Kwa hiyo soketi ya nyuma ya stoo ndiyo kituo pekee cha kuchajia dukani kinacholindwa na sheria bila kikomo. Duka limeongeza nyingine nane kando yake, na Meneja anasema magunia ya unga hayakai. Mashine ya mbele, ile ya toroli, taarifa yangu ya mwaka inaonyesha kwamba imehudumia gari moja, kwa asilimia mbili. Gari lenyewe lilichukuliwa na lori.

Na mimi siku hizi nashuka mbele ya geti, watu wanaona.

Juzi asubuhi tulipofika kona ya barabara kuu alikuwepo Mkurugenzi wa zamani, na bahasha yake, anakwenda kufuatilia mafao. Dada akasimama. Mkurugenzi akapanda, akakaa katikati kama siku ile, bahasha kushoto, koti kulia. Mbele kidogo Mwalimu alikuwa anatungoja mlangoni kwake na mfuko wa dawa.

"Mzee, sogea," Dada alisema.

Akasema nafasi inatosha, na kwamba yeye ni abiria kama abiria wengine.

"Abiria ni nani?" Dada aliuliza.

Alifungua mdomo. Nilimwona anaanza kutafuta jibu la vikao vinne, kidole kimeshapanda nusu. Bajaji ilikuwa imesimama, na Dada ameondoa mkono kwenye usukani, anasubiri. Mwalimu naye anasubiri, amesimama juani.

Mkurugenzi akakishusha kidole, akaichukua bahasha, akaiweka mapajani. Akasogea.

Bajaji ikaondoka.